Mwaka wa Makoti ya Nta

Kisomo cha arobaini ya Mzee Hilali kilifanyika nyumbani kwake, nyuma ya mitaa ya Makoroboi, Mwanza, na mimi Mkatoliki nilishinda pale nikipanga sahani kana kwamba nyumba ni yangu, maana kwa namna fulani ni yangu. Wanaume walipomaliza kusoma, sinia za pilau zikapita, na baada ya chakula nikajikuta pembeni na Masanja, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye enzi zake alikuwa mfuata nyayo wa kampuni ya uwindaji ambayo mimi na marehemu tulikuwa tukiishonea makoti. Idrisa, mjukuu wa marehemu, akaja kutuamkia. Kijana huyu anakaa Kiseke na anauza kwa simu nguo za kuwindia na kupandia milima zinazotoka nje, na siku hiyo alikuwa amevaa moja, jaketi la kijani jepesi kama khanga. Akachukua glasi ya maji, akaimimina kwenye mkono wake mwenyewe. Maji yakaviringika yakadondoka sakafuni, mkono ukabaki mkavu. "Bibi Modesta, umeona? Halina nta, halina mafuta, na ukilikunja linaingia mfukoni. Yale makoti yenu babu alinionyesha moja. Lilisimama lenyewe kama mtu!" Watu wakacheka. Masanja alimaliza kutafuna kwanza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hebu sugua mkono kwa mkono." Idrisa akasugua, na jaketi likalia chwaa, chwaa. "Nyati angekuwa humu ndani," akasema Masanja, "leo tungesoma hitima mbili."

Nilicheka na mimi, lakini njia nzima ya kurudi Butimba nilikuwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyefanya kazi nzuri halafu akaambiwa ulikuwa ushamba. Sina ugomvi na vitambaa vya kisasa. Jaketi la Idrisa linakauka haraka, halinuki, na mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni atakuwa mjinga kulikataa. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba sisi tulipaka nta kwa sababu hatukujua kingine. Tulikijua. Tulikishika mkononi, tukakipima na chetu, na watu wazima waliokuwa wanakwenda kuhatarisha roho zao wakachagua. Hilo lilitokea katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini, na ndiyo maana habari za nilikozaliwa, wazazi wangu na shule nitaziruka. Ukitaka kunijua mimi, nijue kuanzia mwaka ule.

Chumba cha Mzee Hilali kilikuwa kirefu na chembamba, cherehani tatu upande mmoja, meza ya kukatia upande mwingine, na mlango wa nyuma uliofunguka uani ambako kulikuwa na jiko la mkaa na banda la mabati. Kabla ya mwaka ule nilikuwa nikishona sare za shule, sketi za buluu mia kwa mia, hadi naziona nikifumba macho. Mzee aliponihamishia kwenye makoti niliona nimepandishwa cheo. Tulitumia marudufu, kitambaa kizito cha pamba ambacho sindano nyembamba haikitoboi. Nta ya nyuki ililetwa na warina asali wa upande wa Tabora ikiwa mabonge ya manjano, tukaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, tukachanganya na mafuta ya mbegu za pamba, tukapaka koti zima kwa tambara, kisha tukalipiga pasi ya mkaa mpaka nta iingie ndani ya nyuzi. Mzee Hilali alikuwa na damu ya Kimanyema, ya Kiarabu na sijui ya nini tena, lakini Kisukuma alikizungumza kunipita mimi, na hakuna jambo lililomfurahisha kama kumwambia mteja kwamba koti lake limeota hapa hapa. "Pamba ya hapa, mafuta ya pamba hiyo hiyo, nta ya jirani," alikuwa akisema, akilipigapiga koti begani kama anamsifia ndama.

Kazi ya mwisho ilikuwa moshi, na hiyo ndiyo aliyonikabidhi mimi. Makoti yaliyopakwa yalitundikwa kwenye banda la mabati, chini tukawasha samadi kavu ya ng'ombe isiyotoa mwali, na yakafukizwa siku ishirini na moja bila kukatiza. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, wanyama wa mapori yale wamezoea kunusa ng'ombe wa wafugaji wanaopakana nao, kwa hiyo mtu anayenuka moshi wa samadi hawamshtukii. Ya pili, nta mbichi inaita nyuki. Mtoto yeyote wa Kisukuma analijua hili: mrina asali akitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mpya, huupaka nta ndani, na wenyewe wakipita wakasikia harufu wanajua hapo ni nyumba. Mzee alinieleza mara moja tu na hakurudia, kwa kuwa aliona ni sawa na kumweleza mtu kwamba moto unaunguza.

Chakula cha mchana kilitoka kwa mkewe, Bi Zuhura, na kililiwa uani kwenye mkeka: ugali na sato wa kuchemsha, siku nyingine dagaa wa nazi, na kwangu kila mara kibakuli cha michembe kwa karanga kwa sababu aliamini Msukuma hashibi bila viazi. Siku moja ya masika nilikuwa naosha sahani bombani nikawasikia wakizungumza ndani. Mzee alikuwa akimwambia kwamba Bwana Kamugisha, mkuu wa kambi ya ile kampuni, ameletewa sampuli za makoti ya nailoni kutoka nje, na ameamua kuyajaribu msimu huo pamoja na yetu. Sita yao, sita yetu. Yatakayoshinda ndiyo yatakayovaliwa na wafanyakazi wote wa porini miaka inayofuata. "Na yakishinda ya kwao?" Bi Zuhura akauliza. Mzee akajibu, "Basi nafunga. Hao ndio wateja wetu wa mwisho wa makoti. Macho yangu hayawezi tena kuanza upya na sare." Bi Zuhura akauliza tena, "Na Modesta?" Sikusikia jibu, ila sikuwa na haja nalo. Nilijua kuna fundi wa sare jirani ambaye angenichukua hata kesho yake, na nikaziona zile sketi za buluu zinanisubiri maisha yangu yote.

Mtu angedhani baada ya kusikia vile ningelinda moshi ule kama mboni ya jicho. Sikufanya hivyo, na leo sioni aibu kusema sababu, ingawa wakati ule niliona. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Jumapili nilisimama mstari wa mbele nikiwa nimeoga mara mbili na kujipaka kila nilichokuwa nacho, na bado nilinuka samadi. Wiki ya kwanza ya kufukiza, msichana aliyekuwa kushoto kwangu alihamia kulia, na wa kulia akahamia nyuma. Wiki ya pili mwalimu wa kwaya, kwa upole kabisa, aliniuliza kama nyumbani tunafuga. Siku ya tisa ya moshi niliacha moto ufe. Nikajiambia makoti yamekauka, yanang'aa, na tukiyapeleka mapema tutawatangulia hao wa nailoni. Mzee Hilali alikuwa amelala na malaria wiki ile, akaniamini, na gari la kampuni likayachukua.

Habari zilirudi na Bwana Kamugisha mwenyewe, Mhaya mrefu mwenye sauti ya taratibu, akiwa na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni asikae. "Mzee Hilali, shikamoo. Nilikuagiza makoti. Umeniletea mizinga." Akaeleza. Masanja alitundika koti lake mtini alasiri, kundi la nyuki lililokuwa linahama likapita, likaingia kupitia kola, likakaa. Asubuhi yake Masanja akaingiza mkono. Aliumwa sikio, shingo na sehemu ambazo Bwana Kamugisha alisema hatazitaja mbele ya binti. Walipojaribu kuwatoa nyuki kwa kienge cha nyasi, koti likashika moto likateketea lote, na sasa hakuna mtu kambini anayekubali kugusa yale matano yaliyobaki. Mzee Hilali alikuwa ameshainuka kitini. "Kosa ni langu, bwana. Nilikuwa mgonjwa, lakini kazi ni yangu." Nilipomsikia akisema vile nikatambua kwamba alikuwa anajua. Alikuwa amenusa banda siku aliyopata nafuu na hakunisema.

"Siyo yeye," nikasema. "Moshi ulikuwa kazi yangu. Ni siku ishirini na moja, mimi nilikata siku ya tisa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kwaya."

Ikabidi nieleze yote, hadi msichana wa kushoto na wa kulia. Bwana Kamugisha alivua kofia yake. "Ungeniambia mvua, ningekubali. Ungeniambia ugonjwa, ningekubali," akasema. "Kwaya!" Halafu akakaa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia, na Bi Zuhura akaona ndiyo nafasi ya kuleta chai. Kabla ya kuondoka alitoa uamuzi wake. Niende kambini pamoja nao, nikashone mahema yaliyochanika, na yale makoti matano niyafukize upya mbele ya macho yake. Mwezi mmoja. Baada ya hapo wafuata nyayo wake sita watavaa wanachotaka, na yeye ataagiza watakachovaa. Mzee akaniuliza kwa Kisukuma kama naogopa. Nikasema naogopa. "Vizuri," akasema, akanifungia marudufu vipande viwili na bonge la nta, akaingiza na pasi.

Kambi ilikuwa siku nzima kwa lori, kusini mwa Serengeti, hema kumi kandokando ya mto wa mchanga. Waliniita Mama Nyuki kuanzia dakika ya kwanza. Masanja, ambaye sikio lake lilikuwa bado limevimba, asubuhi yake aliniamkia kwa "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza kama nimeleta na asali. Yeye na wenzake watano walikuwa wamevaa nailoni na waliisifu kwa sauti kubwa ili nisikie. Nami, kusema kweli, niliona wanachosifu. Asubuhi ya umande walirudi wakavu. Saa sita jua likiwaka, waliyavua wakayakunja madogo wakayachomeka kiunoni, wakati koti letu ukilivua ni mzigo wa kubeba begani. Nililijaribu moja la kwetu mwenyewe, nikatembea nalo hadi mtoni na kurudi mchana, na mgongo wangu ukawa kama umetolewa kwenye sufuria. Mzee Hilali hakuwa ameniambia hilo. Sidhani kama alilijua, yeye hakuwahi kukanyaga porini.

Lakini niliona na mengine. Wakati wa chai ya alfajiri cheche moja ya kuni ilirukia koti la nailoni ikatoboa tundu la ukubwa wa shilingi, na mwenyewe akapiga ukelele kwa sababu kilichoyeyuka kilimgandia ngozi. Miiba ya migunga ilichana mikono ya makoti yao vipande vipande, na kazi ya kuyatia viraka ikawa yangu, na nilikuta kwamba kitambaa kile kikishachanika kinaendelea chenyewe. Zaidi ya yote nilisikia. Nikiwa nimekaa chini ya turubai nashona, niliweza kujua nani anarudi kambini kabla sijamwona, chwaa, chwaa, kichaka hadi kichaka. Wao walikuwa wamezoea, au walijifanya wamezoea, maana mtu akishasifu kitu mbele ya watu inamwia vigumu kukitolea kasoro.

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Nilitundika yale matano juu ya moshi nyuma ya jiko la mpishi, na kwa kuwa ng'ombe hawaruhusiwi kule, nikaokota mavi makavu ya nyati, jambo lililompa mpishi maneno ya mwezi mzima. Siku ishirini na moja kamili, sikuacha hata saa moja. Jambo la pili nililifanya bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa marudufu aliyonipa Mzee nilikata koti la sita. Mabega, kifua na mikono nikapaka nta kama kawaida. Kwapani na mgongo mzima nikaacha pamba tupu, na juu ya mgongo nikaning'iniza kipande cha kitambaa chenye nta kinachoshuka kutoka mabegani hadi nusu, ili mvua iteleze juu yake na upepo upite chini yake. Nililifukiza pamoja na mengine, kisha nikawa nalivaa asubuhi kwa sababu ya baridi, na mchana nikasahau kulivua. Niliposhtuka kwamba nimesahau, nilijua nimepata kitu.

Siku mbili baada ya moshi kwisha, mgeni mmoja wa kampuni, aliyekuja kuwinda, alimpiga nyati risasi jioni na hakumuua. Nyati aliyejeruhiwa haachwi. Sheria haikubali, na zaidi ya sheria kuna wafugaji upande wa pili wa mpaka wa pori ambao watoto wao wanachunga. Asubuhi ile hakuna aliyenitania. Wanaume sita walikunywa chai wamesimama. Damu iliingia kwenye vichaka vya mto, mahali ambapo mtu haoni hatua kumi mbele, na nyati wa hivyo huzunguka akalala kando ya nyayo zake mwenyewe akimsikilizia anayemfuata. Bwana Kamugisha alikuwa akijaza bunduki yake. Nikamwona mmoja wao anafungua vifungo, akavua nailoni, akaiweka juu ya gogo. Akaenda nyuma ya jiko akachukua koti la nta kwenye kamba. Wa pili akamfuata, halafu wa tatu. Hakuna aliyenitazama. Matano yakaisha. Porini Masanja ndiye aliyetangulia siku zote, yeye ndiye mwenye macho, lakini asubuhi ile alikuwa amechelewa kwa kufunga viatu. Alipoona kamba tupu akanijia moja kwa moja.

"Modesta, nipe hilo ulilovaa."

"Hili halina nta mgongoni. Ni la kujaribu tu."

"Nyati hatanijia kwa mgongo. Nipe."

Nikalivua. Lilimbana kidogo mabegani. Aliinua mikono, akaizungusha, akaisugua mbavuni akisikiliza, na mimi pia nikasikiliza, na sikusikia kitu. Wakaondoka. Nilibaki na mpishi na zile nailoni sita juu ya gogo, na sijawahi kuogopa vile tangu siku hiyo. Yale maneno ya kushinda na kushindwa yalinitoka kichwani. Nilifikiria mishono. Nilifikiria kama mfuko wa kulia nilikuwa nimeukaza vizuri au utanasa mwiba, kama kifungo cha tatu kitagonga kitu, na kwamba kikigonga, mtu aliyeingiza mkono kwenye nyuki wangu akanisamehe atakufa kwa kifungo changu. Jua lilipanda. Ikasikika risasi moja, ikafuata ya pili papo hapo, kisha hakikusikika kitu kwa muda ambao mpishi alisema ni mfupi na mimi najua ulikuwa mrefu.

Walirudi saa sita mchana, wote, wakiwa na mkia wa nyati. Nilihesabu vichwa mara tatu. Masanja alikaa kwenye gogo, akasukuma nailoni moja ianguke, akaomba maji. Bwana Kamugisha ndiye aliyenieleza. Nyati alikuwa amelala kando ya njia, uso kwenye nyayo, kama walivyotarajia, na Masanja alimfikia hatua nane akaonyesha kwa kidole. "Nilimsikia anapumua," Masanja akasema, akiwa ameshusha kata ya maji. "Yeye hakunisikia." Huko kwetu wengi tunasema "poli" badala ya "pori", naye akaongeza kwamba katika miaka yake yote ya poli hajawahi kumkaribia nyati vile bila nyati kugeuza sikio. Nikasubiri anywe, kisha, kwa sababu sikujua niseme nini, nikamwomba koti langu. "Koti lipi?" akauliza. Nikamwonyesha. Akalitazama kifuani kama ndiyo kwanza analiona. "Hili haliludi Mwanza," akasema, akafunga kifungo cha juu kabisa, jua la saa sita likiwaka.

Niliteremka kwenye lori mbele ya chumba cha Mzee Hilali kesho yake alasiri, nikiwa nimejifunga kitenge begani kwa sababu ya upepo wa ziwa. Alikuwa peke yake kwenye meza ya kukatia, ameitikia shikamoo yangu na anaogopa kuuliza. Mwishowe akaniuliza makoti yako wapi. Bi Zuhura alikuwa amemwambia huenda nikarudi na yote matano mikononi. "Hakuna lililorudi," nikasema. "Wamekataa kuyavua. Bwana Kamugisha anataka ya watu wote wa porini kabla ya msimu mwingine, na anayataka yasiwe na nta mgongoni." Nikamweleza mgongo ule kwa kuuchora kwa chaki juu ya meza, kwapa, kipande kinachoning'inia, mahali upepo unapopita, na nikamwambia bila kumficha kwamba koti lake la zamani mchana lilikuwa linampika mtu. Aliinama juu ya mchoro mpaka nikadhani amekasirika. Kwenye meza ile walisimama watu wawili siku zote. Fundi alikata, na mwenzake upande wa pili alishika kitambaa kisiteleze, na miaka yote mwenzake nilikuwa mimi. Mzee Hilali alitandaza marudufu juu ya meza, akayanyoosha kwa viganja vyote viwili, kisha akazunguka akaja upande wangu na kushika pindo.

"Haya," akasema. "Kata."